Shemeji Taratibu, Fidla na Maharage Kumi

Ndugu waombolezaji, wasifu huu nimeuandika mimi, shemeji wa marehemu, kwa amri ya dada yangu, mjane wake. Mwanzoni nilikataa. Akaniambia, "Tarehe zote unazo wewe. Umemfuatafuata mume wangu miaka thelathini na sita na daftari mkononi. Leo daftari lifanye kazi." Mimi ni mkaguzi wa tiketi za treni, mstaafu. Kuamini watu sikuzoea, na marehemu sikumwamini tangu siku ya kwanza. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mama mshonaji. Kadi yake ya kliniki inasema tarehe 11. Nilipomuuliza inakuwaje mtu mmoja azaliwe mara mbili, alicheka, akasema labda aliyeandika alikuwa na haraka. Jibu hilo halikuniridhisha, na mpaka leo halijaniridhisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na sekondari hadi 1974. Hapo pana miaka mitatu mitupu. Dada anasema alikuwa akimuuguza baba yake. Nimekwenda kuuliza kwa majirani wa zamani, na ni kweli. Mwaka 1978 aliingia chuo cha afya, akahitimu kazi ya utoaji dawa mwezi Novemba 1981.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya, kwenye dirisha la dawa. Hapo alikaa mpaka alipostaafu tarehe 9 Agosti 2016. Wengi wenu mmepanga foleni mbele ya dirisha lile la nondo, mkasonya, kwa maana marehemu alihesabu vidonge mara tatu. Bibi mmoja alichoka, akamwambia, "Mwanangu, unanihesabia vidonge au unanihesabia dhambi?" Akamjibu, "Bibi, dhambi zina mwenyewe wa kuzihesabu. Hivi ni vyangu." Foleni yote ikacheka, mimi nikaandika.

Alifunga ndoa na dada yangu Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987. Siku ya kuja kuposa alifika saa ile ile aliyosema. Kwetu jambo hilo halikuwa limewahi kutokea, na nilimnong'oneza mama kwamba mtu asiyechelewa ana lake jambo. Mama akaniambia nikae kimya nipokee wageni. Nikapokea wageni, lakini siku hiyo hiyo nikanunua daftari.

Mwezi Aprili 1991 shaka ikazidi. Marehemu alionekana akitoka kwa fundi seremala wa jirani na fidla kuukuu kwapani, na tangu hapo kila siku, saa kumi na moja jioni, alijifungia chumba cha nyuma kwa saa nzima. Kila siku, jamani! Mvua au jua, mgeni awepo asiwepo. Tena hakupiga wimbo. Angepiga wimbo ningemwelewa. Alirudia kipande kifupi, kile kile, polepole, mpaka masikio yanaomba msamaha. Nikajiambia, anayejua wimbo anaupiga. Anayerudia kipande kimoja mara arobaini anaita kitu, au anampa mtu ishara. Nikazunguka nyuma ya nyumba kuona ni dirisha gani la mtaani litafunguka. Halikufunguka hata moja. Yote yalikuwa yakifungwa.

Jumapili tarehe 14 Juni 1992 nilichungulia kwenye tundu la ufunguo. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kikatazama ukuta, saa ya mkono imelazwa kifudifudi, na mezani palikuwa na vikombe viwili na maharage kumi. Kila alipokipiga kipande bila kukosea, harage moja lilihama kikombe. Akikosea, hata kama yamefika tisa, yote yanarudi na anaanza upya. Nilikimbilia jikoni. "Dada, mumeo anapiga ramli."

"Ramli ya wapi? Hayo maharage ni yangu, na kesho nayapika."

"Yule mganga, nakwambia."

"Kama ni mganga, mbona jino linamliza?"

"Mganga hajigangi," nikamjibu. Akanitoa jikoni kwa mwiko.

Baadaye nilianza kubisha hodi kusudi katikati ya saa yake. Alifungua, akanipa kiti, akasema kwa upole, "Keti shemeji, ila usiniongeleshe mpaka yatimie kumi." Nikakohoa. Nikaangusha funguo. Hakugeuka. Basi nikazidi kushuku, maana kama mtu hana siri, kwa nini asiongeleshwe?

Tarehe 6 Januari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Wodini alimwomba dada amletee maharage yake, akawa anayahamisha kwa mkono wa kulia juu ya shuka, midomo ikihesabu. Jumatano tarehe 13 Machi nilibaki naye peke yangu. Nikasema liwalo na liwe. "Shemeji, miaka yote hii ulikuwa unamwita nani?"

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akanieleza, taratibu kama kawaida yake. "Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, mwaka tisini na moja. Nilimpa mama mmoja kibahasha cha mgonjwa mwingine. Vidonge vya kifafa vya mtu mzima, akampe mtoto wa miaka miwili. Kuna mtu alikuwa dirishani ananiongelesha, akili ikatoka kidogo tu. Mtoto alilala siku mbili, shemeji. Siku mbili! Ya tatu akaamka, akaomba maji. Nikamwambia seremala sirudi tena dirishani. Akanipa fidla, akasema, 'Jifunze hii. Ukiwaza kitu kingine, inakusema hapo hapo.' Ndiyo nikawa najizoeza kukaa na jambo moja, hata aje nani."

"Nani alikuwa anakuongelesha?"

"Mtu tu. Mkono uliokosea ulikuwa wangu."

Hakukosea tena dawa mpaka alipostaafu. Hilo nimelikagua. Nimemuuliza matroni, nimewauliza waliofanya naye kazi, na nimerudi siku nyingine kuwauliza kama walinidanganya. Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 22 Machi 2024, saa tatu asubuhi, dada akiwa amemshika mkono.

Juzi, nikitafuta tarehe za wasifu huu, nilifungua daftari la 1991. Nasoma kama nilivyoandika: "Jumanne 19 Machi, saa nne na robo asubuhi. Nimemkuta dirishani anahesabu vidonge. Nimemuuliza Jumapili alikuwa wapi. Hakujibu. Nimemuuliza tena. Amebabaika." Neno la mwisho nimelipigia mstari mara mbili.

Mtu yule wa dirishani nilikuwa mimi. Nimemuuliza dada Jumapili ile marehemu alikuwa wapi. Alikuwa nyumbani, amelala, ana mafua.

Ndugu zangu, miaka yote nilisema huyu bwana anaficha kitu. Kweli alikuwa anaficha. Alichokuwa anakificha ni mimi, tena nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Nimeona aibu na nimelia, na mbele yenu namwomba radhi yeye, na mama yule popote alipo, na mtoto wake.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, mmoja mwalimu na mmoja fundi umeme, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na shemeji mmoja ambaye hakustahili kumsomea wasifu huu.

Apumzike kwa amani, na huko aliko mtu asimuulize alikuwa wapi.