Kiwanda Kinahamia Kwetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wawakilishi wa nchi jirani, ndugu mkurugenzi wa kiwanda, viongozi wa chama cha wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa laini ya kola, tunaoshona kola za mashati, mliokaa kule nyuma karibu na mlango: habari za mchana.

Nimeambiwa niseme machache kwa niaba ya wafanyakazi katika hafla hii ya kukiaga kiwanda. Aliyeniambia ni mkurugenzi. Wafanyakazi wenyewe hawajaniambia neno. Kwa hiyo nitajisemea mwenyewe, na atakayejiona humo, karibu.

Wageni wetu huenda hamjui kwamba mimi nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, huko huko mashine hizi zinakopelekwa. Nilikuja hapa ningali binti, kutafuta kazi. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa cherehani siku ile ile niliyofika. Fundi mitambo wa zamu yetu alikuwa kijana mpole, na sindano zangu, sijui kwa nini, zikawa zinavunjika kila mara. Akazibadilisha mpaka akachoka, akanioa. Tangu hapo kiwanda kizima kikaniita Shemeji. Mlinzi wa getini, Shemeji. Wapishi wa kantini, Shemeji. Hata mume wangu alipofariki mlikuja mkalia nami, na siku nilipoweza kucheka tena, mkaanza upya kunitania.

Kisha likaja tangazo. Mnunuzi wa mashati yetu, ambaye hatujawahi kumwona na wala hajui kola zake hushonwa na nani, amepiga hesabu zake akaona upande wa pili wa mpaka ni nafuu, kwa hiyo kiwanda kihamie huko. Mheshimiwa ametueleza vizuri habari za ujirani mwema na soko la pamoja, na sina ubishi: siku hizi malori yanavuka mpaka bila kufunguliwa hata turubai. Lakini naomba kuuliza, ujirani huo unakaa wapi? Maana siku tangazo lilipobandikwa, nilichukua sahani yangu nikaenda kwenye benchi letu la kantini, nikakuta mmejipanua mpaka hakuna pa kukaa. Mmoja wenu akasema bila kunitazama, "Yeye aliolewa huku, sasa kiwanda kinaenda kuolewa kwao." Ulikuwa kama utani, ila hakuna aliyecheka.

Na tangu siku hiyo sijaitwa Shemeji. Naitwa mama. "Samahani mama." "Pita mama." Jamani, shemeji hutaniwa, anayepishwa kwa adabu namna hiyo ni mtu baki. Adabu yenu imeniuma kuliko tusi. Je, ni mimi niliyekitia kiwanda kwenye mkoba nikaondoka nacho?

Mtasema, huyu ana kwao, na mtu kwao. Mkurugenzi alinitaka niende nikawafundishe wasichana wa huko kushona kola, nikampigia simu mdogo wangu kumwambia narudi. Alipiga vigelegele, kisha akauliza, "Dada, utakaa mpaka lini? Nikuandalie chumba cha wageni?" Nyuma yake nikawasikia wanawe wakicheka, "Mama mkubwa anaongea kama watu wa huko!" Nilicheka nao. Nilipokata simu nililia, siwafichi.

Ndugu mkurugenzi, uliponiuliza kama nitakwenda au nitabaki, nilikuomba muda. Labda ulidhani napima mshahara. La hasha. Nilikuwa namsubiri mtu mmoja tu wa laini ya kola aniambie, "Usiende." Hata kwa mzaha. Sikutaka anipe sababu, wala kazi, maana kazi hata yeye hana tena. Ningebaki. Nimemsubiri getini, nimemsubiri kwenye foleni ya bomba la kunawia, na nilipoitwa jukwaani hapa nilitembea polepole makusudi, huenda akanivuta mkono.

Basi nitakwenda. Mlinipokea nikiwa sijui mtu, mkanifunza kazi, na hilo nitawaambia wasichana wa huko kabla sijawaonyesha sindano.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tangu tangazo lile, haya ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote, na nimeongea peke yangu.