Bi Kesho na Cherehani ya Kukanyaga

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Vuta kiti ukae, na kama pasi iko motoni, itoe kwanza. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye nusu yenu mliwahi kumnunia. Uliahidiwa sare Jumatatu, ukaipata mtoto ameshapanda darasa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Kesho.

Bi Kesho ametutoka wiki iliyopita. Ameacha utenzi ambao haukuisha. Narudia, haukuisha. Na mwenye hasira kuliko sisi sote ni mdogo wake, ambaye yuko hapa studioni, amekunja mikono. Kando yake ameketi binti wa marehemu. Mpaka tunaingia hewani walikuwa hawajasemezana.

Chumba cha kushonea kilikuwa ubavuni mwa kanisa. Dirisha moja, meza ya kukatia, vipande vya chaki, mabaki ya vitambaa sakafuni, na cherehani nyeusi ya kukanyaga. Kitabu cha mashairi ya wazee kilikaa wazi karibu na sindano, kimekandamizwa kwa mkasi. Dirishani ziliingia sauti mbili: kwaya ikifanya mazoezi, na watu wakigombania foleni ya bomba. Bi Kesho alizichota zote. Somo la Jumapili, beti za wazee wa kale, maneno makali ya bombani, kwake vyote vilikuwa vitambaa. Vuli ilimpa harufu ya vumbi lililolowa. Kiangazi kilimpa mabibi harusi wanaotokwa jasho wakipimwa nguo. Masika yalimpa makoti yasiyokauka. Alikuwa anatunga utenzi wa mwaka mzima, msimu kwa msimu, na ulibaki mmoja tu. Ulibaki msimu wa baridi, kipupwe.

Sasa sikilizeni alivyotunga, maana kisa chote kiko hapo. Bi Kesho alitunga kwa miguu. Mguu ukishuka kwenye kanyagio, silabi moja. Ukishuka mara nane, mstari umetimia. Kina kikigoma, cherehani nayo iligoma, na sare yako ikalala mezani. Wala hakuandika. Alishikilia kwamba shairi likiwahi kuingia kwenye karatasi, linalala na haliamki. Kwa hiyo beti zote zilihifadhiwa kichwani mwa mdogo wake, aliyekaa pale akifunga vifungo na kushona mapindo.

"Kichwa changu kilikuwa kabati lake," anasema mdogo mtu. "Akitaka ubeti anafungua. Akibadilisha neno moja, ole wangu nitoe lile la zamani."

Alilalamika miaka yote. Lakini, wasikilizaji wapendwa, hakusahau hata herufi.

Kisha miguu ya Bi Kesho ikaanza kuvimba. Binti yake, anayefanya kazi mbali, akaja likizo mwishoni mwa masika. Akaiona ile miguu, akalia. Jumapili hiyo, mama akiwa ibadani, binti akaingiza chumbani cherehani mpya ya umeme. Ile ya kukanyaga akampa mtu wa vyuma chakavu ili nafasi ipatikane. Mama akarudi akakuta majirani wanapiga makofi. Akamkumbatia mwanawe, akamshukuru, akamwombea baraka. Mdogo wake peke yake ndiye aliyemwona akitazama chini ya meza, kule miguu inakokaa.

Kesho yake mdogo mtu alikwenda mbio kwenye vyuma chakavu. Alikuta fremu imeshakatwa. Akarudi na kanyagio mkononi, bila cherehani, akiwa na hasira ya kupigana na mtu na asijue ampige nani.

Cherehani ya umeme ilikwenda kasi mno. Ukiigusa tu, pindo limekwisha, na neno bado halijafika mdomoni. Mdogo mtu akamshauri apige mguu sakafuni. Bi Kesho akajaribu, akaacha.

"Sakafu hainirudishii mguu," alisema.

"Basi mwambie mtoto."

"Nimwambieje? Kaniletea nafuu, nami nimwambie nataka ile inayoniumiza? Nitamwambia kesho."

Akamwapisha mdogo wake asifungue mdomo. Wateja, hatuna haya, tulifurahi. Nguo zilitoka kwa wakati. Tulimpongeza njiani, tukamtania kwamba sasa ni Bi Leo. Naye akatabasamu. Kipupwe kikaja kikapita, na kingine kikaja kikapita. Mstari uliopatikana ulikuwa mmoja tu, wa kwanza.

Alipolazwa, mdogo wake aliinama kitandani akamsihi atoe hata ubeti mmoja wa baridi. Miguu ikasogea chini ya shuka, ikatafuta kitu, ikatulia. Bi Kesho akatikisa kichwa.

Matangani watu waliomba utenzi usomwe. Hapo ndipo kabati lilipovunjika bawaba. Mdogo mtu alisema mbele ya wote kwamba utenzi uliuawa na zawadi. Binti alisimama akatoka nje. Leo, hapa hewani, ndipo anapomjibu kwa mara ya kwanza.

"Mama mdogo, ungeniambia siku ileile ningelifuata lile gari la vyuma nikiwa peku. Mlinihurumia ninyi wawili, na sasa huruma yenu nitaibeba mpaka lini?"

Mama mdogo amekunjua mikono. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nikitafuta mkosaji simpati. Nakuta watu watatu waliopendana, kila mmoja ameuma ulimi.

Tunawapa pole binti, mdogo wa marehemu, wanakwaya aliowashonea majoho, na hata wewe unayemdai gauni. Mungu amweke mahali pema. Na wewe unayesikiliza, kama kuna zawadi inayokubana, mwambie aliyekupa. Mwambie leo, akiwa bado anaweza kukasirika na kukusamehe.

Sasa mdogo mtu atatusomea pale utenzi ulipofikia. Ameniomba kitu kimoja. Ametoa lile kanyagio kwenye mkoba, ameliweka sakafuni, na chini yake amekunja skafu yake ili lirudishe mguu. Amemwonyesha binti aweke mguu wake. Binti ameweka. Sikilizeni.

*Mvua yatushonea,*
*Udongo unapokea,*
*Mungu anatutendea,*
*Pindo halijakamili.*

*Kipupwe kimeingia…*

Ameishia hapo, wasikilizaji wapendwa. Hakuna zaidi. Ila huo mlio mnaousikia ni mguu wa binti, umeshapita mstari wa pili, unakwenda wa tatu, na mama mdogo anamtazama, midomo inamcheza.

Fundi mitambo, usikate.