Kadi ya Feni Tatu

Benchi la kijiweni ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, katikati ya saluni ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu. Jumamosi hiyo asubuhi lilikuwa limejaa. Kinyozi, ambaye kwa sauti yake kila mtu humwita Kipaza, alikuwa ameketi upande wa birika la kahawa. Pembeni yake alikuwepo Volti, fundi wa umeme wa majumbani, kisha Chaki, mwalimu mstaafu. Wa nne alikuwa Gundi, fundi viatu, naye siku hiyo hakuwa amegusa kiatu hata kimoja. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa imeungua tundu la picha, pale panapochomekwa waya wa skrini: ukiiwasha inanguruma vizuri, lakini skrini inabaki nyeusi tii. Jirani aliyeikagua alimwambia anunue kadi ya picha, aichomeke ndani, mambo yatakwisha. Basi Gundi akalileta jambo kijiweni.

— Dukani ipo moja, alisema, macho yakimng'aa. Ina feni tatu! Muuzaji amekubali tubadilishane na baiskeli yangu. Kanipa mpaka saa sita.

— Feni tatu! Kipaza nusura amwage kahawa. Chukua, bwana! Mimi saluni nzima nina feni moja, na yenyewe inazunguka inapojisikia.

— Feni za nini humo ndani? aliuliza Chaki.

— Za kupooza, Mwalimu, alijibu Volti. Picha zikipita nyingi kwa pamoja zinachemka.

— Kuna jamaa anayo ya namna hiyo, alisema Kipaza. Ukitazama mpira kwake unaona jasho la golikipa, tone kwa tone.

— Jasho tu? Mimi nimesikia ipo inayokuonyesha golikipa anawaza kuruka upande gani.

— Sasa Volti, hiyo si kadi, hiyo ni mganga!

Chaki akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akifanya darasani.

— Kadi kubwa ina akili, wanangu. Unaiwekea rundo la mitihani, unakwenda zako sokoni. Ukirudi imeshasahihisha yote, na walioangalizia imewaandika majina.

— Afadhali hukuwa nayo enzi zako, Mwalimu, alisema Kipaza. Mimi nisingevuka darasa la tatu.

Walicheka mpaka ubao ukatikisika. Volti alisubiri wanyamaze, akainua kidole.

— Wasiwasi wangu ni umeme. Siku utakapoiwasha hiyo, taa za mtaa mzima zitafifia. Lazima nikuvutie waya wake peke yake, mnene kama mkono wangu.

— Na uifunge mezani! Kipaza alidakia. Feni tatu zikishika kasi, kompyuta itapaa na meza yake!

Gundi alikuwa akisikiliza kwa furaha. Kila aliyezungumza aliikuza ile kadi, na kadiri ilivyokua ndivyo alivyozidi kuitaka. Jambo moja tu hakuwa amewaambia, kwa kuogopa utani wao. Dada yake, anayefanya kazi nchi ya mbali, alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwezi uliopita. Mama yao macho yamefifia. Alipoonyeshwa mjukuu kwenye simu, mama aliona kiwingu kinachotikisika tu, lakini akatabasamu na kusema, “Mzuri, jamani, mzuri sana.” Gundi alijua hakuona kitu, na maneno yale yalimchoma. Ndiyo maana alikwenda kutafuta skrini kubwa, akaipata kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Dada angepiga leo saa kumi.

Gundi akasimama, akashika usukani wa baiskeli yake, ile anayopelekea wateja viatu vyao.

— Naenda kabla muuzaji hajabadili mawazo.

Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, ana mfuko wa vifaa uliokatika mkanda, akingoja kushonewa.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Hiyo kompyuta ni ya kufanyia nini?

Kipaza akageuka. Akamtazama Volti. Volti akamtazama Chaki, na Chaki akatazama ndani ya kikombe chake. Tangu asubuhi hakuna aliyeuliza.

Gundi akaachia usukani.

— Ni ya mama, alisema taratibu. Amepata mjukuu ng'ambo na hajawahi kumwona sawasawa. Nataka amwone kwa ukubwa. Basi.

Kipaza akaweka kikombe chini.

— Hilo tu? aliuliza mgeni.

— Hilo tu, dada yangu.

— Basi baiskeli yako ibaki. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Hapo inatosha kadi ndogo kabisa, isiyo na feni hata moja. Kasha la kompyuta yako lina upana gani?

Gundi hakujua. Alirukia baiskeli, akaenda nyumbani mbio, akarudi anahema.

— Vidole vitano!

— Ile ya feni tatu ungeifunga nje, kwa kamba. Ninayo ndogo karakana, imekaa tu. Nishonee mfuko, na hivi viatu uvitie soli, tutakuwa sawa.

Saa kumi kasoro kidogo, nyumbani kwa Gundi, yule fundi mgeni alikaza skrubu ya mwisho. Mlangoni kijiwe kizima kilikuwa kimebanana, kila mmoja akimwelekeza. Skrini ikawaka! Kipaza akapiga kelele kana kwamba limefungwa goli, na Volti akaapa kwamba taa hazikufifia hata chembe. Punde simu ya video ya dada yake Gundi ikaingia kwenye kompyuta, na uso wa mtoto ukaijaza skrini yote.

Mama alisogeza kiti. Akasogeza tena. Gundi alikuwa akimtazama yeye badala ya mtoto.

— Masikio ya marehemu baba yenu haya, alisema mwishowe. Haya hapa, yamechongoka vilevile!

— Si nilisema! Kipaza alinguruma. Oneni kope! Zinahesabika!

Mama aliinua mkono bila kugeuka.

— Nyamazeni basi. Mtoto kalala.

Wakanyamaza wote pale mlangoni, hata Kipaza, wakipumua polepole wasije wakamwamsha.