Kila Bibi Ajibu Kutoka Kwake

Mgeni rasmi, Bwana Kasymaliev, Mkuu wa Idara ya Mtandao ya Mkoa, pamoja na msafara wako mrefu: sisi mabibi wenye blogu wa vijiji vya Kara-Bulak na Tash-Bashat tunakusalimu. Habari za ujio wako tulipewa juzi na fundi aliyekuwa akipaka rangi ukuta wa mbele wa ofisi ya kijiji. Wa nyuma hakuupaka. Tunakuomba usizunguke.

KUKUKARIBISHA

Karibu mahali pa heshima, mkabala na mlango, penye godoro nene. Hapo hukaa mkubwa kuliko wote. Leo ni wewe, ingawa una umri wa watoto wetu wa mwisho. Maziwa ya farasi ni ya leo, kunywa bila hofu.

TULIKOTOKA

Kati ya vijiji vyetu kuna mlima, na theluji ikifunga njia hatuonani. Basi tukafunguliwa blogu kwenye mtambo wa Idara yako, kila bibi na yake. Mmoja akiandika kwake, mwenzake hujibu kwake mwenyewe na kuweka kiungo cha kubofya, cha kurudi kwa aliyeanza. Aliyeanza naye huweka kiungo cha kwenda kwa aliyemjibu. Hatukufundishwa na mtu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.

MAFANIKIO

Tunalo moja. Sayrakan na mdogo wake Anarkul walinuniana tangu mazishi ya mama yao, kwa ajili ya zulia la sufu. Majira ya baridi yaliyopita Sayrakan aliandika jinsi mama alivyochemsha rangi nyekundu. Anarkul, ng'ambo ya mlima, akaandika kwake: "Kuna mtu amesahau magadi ya kushikisha rangi. Mama angecheka." Akaweka kiungo.

Sayrakan akajibu kwake: "Kuna mtu alikuwa ananyonya bado mama akichemsha." Kiungo.

Wakachomana hivyo mpaka barafu ikalainika, ndipo Anarkul akaandika: "Dada, goti vipi?" Tulilia, kila mmoja nyumbani kwake.

CHANGAMOTO

Hapo Idara ikatuonea huruma. Ikasema kupita nyumba hadi nyumba ni ushamba, ikatujengea Ukumbi Mmoja tuandikie humo sote. Viungo vyetu ikavikata, kwa ajili ya usafi.

Ukumbi una akili nyingi: asemaye mwisho hukaa juu kabisa. Sayrakan aliandika, Anarkul akamjibu kwa adabu zake zote, Ukumbi ukampandisha juu ya dada yake.

"Umenikalia kichwani, we Anarkul! Mimi unaniweka mlangoni?"

"Sijakaa, dada, nimekalishwa!"

Na hilo nalo likapanda juu. Kila akijitetea, anapanda. Mwishowe wakanyamaza wote wawili. Taarifa yako ilisema Ukumbi umeleta utulivu. Hongera, ni kweli. Hata makaburini kuna utulivu.

OMBI

Tumesikia kwamba mwisho wa mwezi blogu za zamani zitafutwa. Usizifute, baba. Turudishie viungo. Goti la Sayrakan halivuki tena mlima hata kiangazi, na Anarkul ana mume mgonjwa kitandani. Njia yao ilikuwa hiyo tu, maana kupiga simu hakuna atakayekubali kuanza. Wiki hii Anarkul ameandika kwenye blogu yake: "Dada, nimeota unakohoa." Kiungo hakikufika. Tulipompelekea Sayrakan maneno hayo kwa mdomo, alisema: "Akinitaka, nyumba yangu anaijua." Kisha akatupa simu yake tuitazame kama ni nzima, mbona kiungo hakiingii.

Ukumbi Mmoja baki nao, uwaonyeshe wageni. Ni msafi, hauna mtu.

Tunajua nyama ilikuwa ya mafuta na risala ni ndefu. Ikiwa wasaidizi wako wameshasinzia, nawe macho yamekuwa mazito, hatutakuamsha. Jibu si lazima ulitoe hapa. Liandike kwako, utuwekee kiungo, nasi tutakuja kulisoma.

Mungu akupe mifugo minene na njia isiyo na barafu. Lala, mwanetu.

Ni sisi, Mabibi wa Blogu, pande zote mbili za mlima.