Kiti cha Ndani ya Kompyuta

Kijiwe kile cha Keko, Mzee Matar alikianzisha bila kukusudia. Aliweka benchi mbele ya duka lake ili wateja wapumzike. Wateja wakaondoka, wapumzikaji wakabaki, na birika lake la kahawa likageuka mali ya umma. Mwaka huo wa tisini na tisa benchi lilikuwa na wenyewe. Alikuwepo Twalib, Mzaramo wa hapohapo, aliyebandikwa jina la Redio Mbao kwa sababu habari zake zilikuwa zinafika kabla tukio halijatokea. Alikuwepo Abdulrahman, Mnyamwezi wa Tabora aliyewahi kuwa tarishi mahakamani, wakamwita Wakili, naye jina akalipokea kwa uzito wake wote. Na alikuwepo Jabiri seremala, ambaye kibanda chake kilitazamana na benchi, na ambaye Jumatano hiyo alikuwa na shida ya kweli. Alasiri ikiadhiniwa tu, mwenzake Leodegar angekuja kukabidhiwa kibanda pamoja na randa, kwa sababu Jabiri alikuwa anakwenda Ulaya kufanya kazi. Au hakuwa anakwenda. Hilo ndilo lililokuwa halijulikani, na Mwanaheri mkewe alikwishaalika ndugu zake wote wa Kunduchi waje kesho yake kumsomea dua ya safari.

— Soma tena, alisema Wakili. Polepole, usiruke kitu.

Jabiri akakunjua ile karatasi yenye matundu pembeni. Asili yake ilikuwa hivi. Yeye ndiye aliyetengeneza meza za chumba cha kompyuta cha Bi Shaima kule Kariakoo, na Bi Shaima akampa ruhusa ya kukaa pale kila Jumamosi acheze. Mchezo wenyewe ni wa kujenga mji: watu wa dunia nzima, kila mmoja kwao, wanajenga nyumba na kuzipamba humohumo ndani ya kompyuta. Wenye mchezo, yaani walioutengeneza, wana ubao wao wa kuandikiana na wachezaji. Jabiri alikiona kiti cha humo, kikamkera, akawaandikia kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne kwamba mguu umegongelewa misumari tu, hakuna tundu wala ulimi wa kuingia humo, mtu akiegemea kitamwangusha, na je, fundi wenu ni nani? Majibu yalikuja siku iliyofuata, Bi Shaima akamchapia.

— "Kwa Fundi wa Keko," alisoma Jabiri, akiyageuza kwa Kiswahili. "Tumepokea lawama yako kuhusu kiti. Mkubwa wetu amekikalia ili kuhakikisha, naye ameanguka kama ulivyosema. Seremala wetu tumemfungia stoo, na hatapewa chakula mpaka ajue kuchimba tundu na kuchonga ulimi. Wewe njoo Jumatatu ushike nafasi yake. Uje na msumeno wako na chakula chako cha mchana."

— Imeisha?

— Imeisha. Halafu chini kuna vijialama.

— Hapo pana mkataba, alisema Wakili. Nafasi imetajwa, siku imetajwa, vitendea kazi vimetajwa. Mie nimebebaga mafaili miaka tisa, mkataba naujua kwa harufu.

— Jumatatu yenyewe ilishapita, alisema Mzee Matar kutoka dirishani. Barua ina siku kumi.

— Tarehe wameandika? aliuliza Wakili.

— Hawajaandika, alisema Jabiri.

— Basi haijapita. Jumatatu isiyo na tarehe haipiti, Mzee wangu. Itakuwa inarudi kila wiki mpaka Jabiri aende.

Jabiri alitaka sana kuliamini hilo. Siku kumi alikuwa akiamka na jibu moja na kulala na jingine. Asubuhi alijiona yuko kwenye karakana yenye taa za umeme, Wazungu wamemzunguka wanamtazama anavyochonga. Jioni alijiona mjinga. Mtu wa kumuuliza hakuwa naye, kwa kuwa kila aliyemuuliza alikuwa na hakika, na hakika zao hazikufanana.

— Mie naona nyie mmeruka neno stoo, alisema Redio Mbao. Wamekiri wenyewe kwamba kuna mtu wamemfungia, na njaa anayo. Halafu wanakwambia uje na chakula chako. Kwa nini uje nacho? Kwa sababu kule hupewi. Braza, hiyo nafasi unayoitiwa ni ya stoo.

— Mtu hawezi kuandika kosa lake kwenye ubao, alisema Wakili.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia. Stoo si iko chini?

Mzee Matar alipitisha vikombe. Alikuwa mtu wa duka, kama baba yake na babu yake, na hasira zake zilikuwa za duka.

— Hayo ni matusi, alisema. Mteja kaleta lawama, wewe mwenye mali unamjibu mzaha, tena hadharani. Mie siku zangu zote sijamfanyia mteja mzaha.

— Mzee, shikamoo yako naitunza, alisema Redio Mbao, lakini jana tu umemwambia mama Sesilia mchele wako umewekewa mawe ili asile haraka.

— Mama Sesilia namjua.

— Na kama usingemjua?

— Ningembadilishia mchele, nikanyamaza. Huyu hawamjui. Hawajui ana baba au hana. Unamtaniaje mtu hujui kama yuko msibani?

Jabiri akaikunja karatasi. Kwa sababu chini ya barua, na hili hakuwa amewasomea, palikuwa na wachezaji arobaini na wawili walioandika vicheko vyao. Mmoja alijiita Joka la Baridi. Mwingine alichora kiti kilichoanguka kwa kutumia herufi tupu. Alikuwa amevihesabu vicheko vile mara nyingi, na kila mara alishindwa kujua vilikuwa vinaelekea wapi.

— Kuna wengine wamecheka, alisema mwishowe.

— Wangapi?

— Arobaini na wawili.

— Hao ndio mashahidi wa mkataba, alisema Wakili.

— Shahidi anacheka?

— Kama kafurahi kwamba umepata kazi, atalia?

— Lete hivyo vijialama, alisema Redio Mbao, akaichukua karatasi na kuisogeza puani. Nukta mbili, kistari, mabano. Nini hiki?

— Sijui. Bi Shaima naye hajui. Anasema wanaviwekaga kila mahali.

— Mhuri huo, alisema Wakili.

— Bawaba, alisema Jabiri. Mie nimeona kama bawaba ya mlango. Nukta hizo mbili ni skurubu. Nikadhani wananijaribu, kwamba ukishaijua bawaba umepita.

— Au mlango wa stoo, alisema Redio Mbao.

Hakuna aliyecheka, na Redio Mbao mwenyewe alionekana kujuta. Wakili akanywa funda, akakaa vizuri kama mtu anayetaka kuomba kesi iahirishwe.

— Sikilizeni. Kuna njia moja tu mtu anaweza kukutania hadharani, na watu arobaini wakacheka, na isiwe tusi. Wawe watani wako. Mie na huyu Redio ni watani, Mnyamwezi na Mzaramo, toka enzi za misafara. Alipofiwa na baba yake nilifanya nini?

Redio Mbao alitazama chini.

— Alivaa koti la marehemu, alisema. Akaja katikati ya wafiwa, akawa anakohoa kama baba na kutudai tumkaangie samaki. Mama yangu alikuwa hajafungua mdomo tangu usiku. Akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Nilimpenda huyu bwege siku ile.

— Sasa je, alisema Wakili. Wenye mchezo hao wanatoka wapi?

— Kanada.

— Siyo Ulaya?

— Kuna baridi, alisema Mzee Matar.

— Basi ni Ulaya. Jabiri, wewe kwenu ni Mzizima, Waswahili wa pwani. Utani unatoka kwenye vita au kwenye safari. Wakanada na watu wa Mzizima walipigana lini?

— Hawajapigana.

— Walisafiri pamoja?

— Hapana.

— Unaona? Hakuna utani. Kwa hiyo ni mkataba.

— Au ni matusi, alisema Mzee Matar.

— Au stoo, alisema Redio Mbao. Lakini subirini, sasa imenijia yote. Si mmesikia kompyuta zote zinakufa Januari, mwaka elfu mbili ukiingia? Hao jamaa wanajua. Mchezo wao unakufa na viti vya humo ndani vinakufa. Wanataka kurudi kwenye mbao, na mbao hawazijui, maana wamezoea vioo. Ndiyo maana wanakusanya mafundi duniani kimyakimya, wanajifanya wanachekacheka ili serikali zisishtuke. Jabiri, wewe ni mbegu. Watakuweka stoo kama mbegu.

Jambo la ajabu ni kwamba Jabiri alilifikiria. Alikaa akafikiria kwa dhati kabisa, kikombe mkononi, jinsi nchi nzima ya Kanada itakavyokaa sakafuni mwezi wa kwanza. Ndipo akaelewa amefika wapi na akili yake, akaogopa.

— Mie nataka neno moja tu, alisema. Wananicheka, au wanacheka na mie? Kama wananicheka, nimwambie Mwanaheri leo awarudishe watu wake, aibu ni aibu. Kama siyo, nimpe Leodegar randa niende zangu. Nyie mmenipa maneno tangu kahawa ya moto mpaka imepoa.

Mzee Matar aliliinamisha birika. Likatoa machicha.

— Na imekwisha, alisema.

Mwadhini akaanza. Walikaa kimya mpaka akamaliza, na alipomaliza Leodegar alikuwa tayari amesimama kibandani kwa Jabiri, na vumbi la mbao nyusini. Alikuwa mtu wa Mahenge, mpole, fundi wa makabati. Alikwishaishika randa, akaipitisha kidole kwenye makali, kisha akavuka njia kuja kwenye benchi.

— Shikamoo Mzee. Za hapa, ndugu zangu?

— Marahaba. Tuko kwenye barua, alisema Mzee Matar. Na wewe usome, labda Mahenge mna akili.

Leodegar aliweka randa benchini, akapokea karatasi. Kiingereza hakukijua, hivyo Jabiri akamsomea yote upya, na safari hii akamsomea na vicheko, na jina la Joka la Baridi, na kile kiti kilichochorwa kwa herufi. Wakili alieleza mkataba. Mzee Matar alieleza matusi. Redio Mbao alianza kueleza Januari, ila kwa mara ya kwanza maishani aliikatisha habari yake njiani. Leodegar alisikiliza kila mmoja mpaka mwisho, bila haraka, anavyosikilizaga wateja wake.

— Na kile kiti, aliuliza, wamekitengeneza?

— Kiti gani? alisema Wakili.

— Si kile alichokilalamikia? Sie hapa mteja akituletea kiti kinachocheza, si tunamwambia kiti hakina kosa, mama, ni wewe umenenepa? Anacheka, na majirani wanacheka, lakini hapo kiti umeshakipindua miguu juu na patasi iko mkononi. Kwa hiyo mie nauliza cha mikononi. Wamekitengeneza?

Wakili alimtazama Redio Mbao, na Redio Mbao akamtazama Mzee Matar. Kisha wote watatu wakamgeukia Jabiri.

Jumamosi ilikuwa imepita, na chumba cha Bi Shaima kilikuwa wazi kutwa, kiti chake kilekile cha dirishani hakina mtu. Yeye alikuwa mjini akihangaikia fomu za pasipoti. Barua aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo, akahesabu vicheko, akapima kila neno, akakosa usingizi. Ndani ya mchezo hakuwa ameingia hata dakika moja. Yeye, seremala wa miaka ishirini, alilalamikia mguu wa kiti na hakurudi kuutazama.

— Sijui, alisema.

— Hujui?

— Sikwenda kuangalia, Leodegar.

Ilimuuma kuliko vicheko vyote arobaini na viwili. Leodegar alimrudishia randa mkononi, akauliza chumba cha Bi Shaima hufungwa saa ngapi, maana yeye alikuwa ameuliza swali la kawaida na bado alitaka jibu.