Raili Moilanen, Fundi Aliyesubiri Moto Uzimike

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, fundi umeme Raili Moilanen anastaafu baada ya miaka 37 katika kampuni yetu hapa Kainuu. Ameunganisha boila 1,164 za kuni, zile zinazopasha nyumba joto, na umeme wa akiba, ule unaotakiwa kujiwasha kuni zikiisha. Zilizowahi kumwangusha mwenye nyumba: sifuri. Nimehesabu mwenyewe, maana ofisi haikujisumbua.

Siri yake haikuwa siri. Akimaliza kufunga nyaya, haondoki. Anaacha moto ufe, anazima swichi ya boila kama sote huku tunavyofanya tukisafiri, kisha anakaa jikoni kwa watu mpaka tangi la maji ya moto lipoe kutoka nyuzi 80 hadi 55 na umeme wa akiba ujiwashe. Ndipo anatia saini. Mzee mmoja wa Ristijärvi alichoka kumwona: “Huyu kaja kufunga nyaya au kaja kuolewa?” Raili akamjibu: “Kwa kahawa nyepesi hivi? Bora nibaki na boila.”

Kazi hiyo ilichukua saa kumi na moja. Miaka mitatu iliyopita ofisi ikaamua kwamba saa tatu zinatosha. Kusubiri, eti, ni uvivu. Raili aliendelea kusubiri, akapewa barua mbili za onyo. Sisi wengine tukatii. Niliyetii upesi kuliko wote ni mimi, niliyejifunza kazi mikononi mwake bila kukanyaga chuo.

Februari, mjane Hilkka Keränen alilazwa kwa ajili ya nyonga. Kabla ya kutoka alizima swichi ya boila. Nje ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Siku ya nne jirani akakuta mabomba yamepasuka na sakafu imekuwa barafu. Nyaya zile nilizifunga mimi, na umeme wa akiba niliupitishia kwenye swichi hiyohiyo. Boila ikiwashwa, kila kitu kiko sawa. Ikizimwa, na akiba inakufa. Kusubiri kungenionyesha.

Ripoti ya ofisi, iliyotoka Agosti, ikasema: kosa la mtumiaji. Raili, ambaye pia ndiye mkaguzi wa kazi zetu, akatakiwa kusaini.

“Raili dada yangu,” meneja alimbembeleza mbele yetu, “umebakiza wiki chache. Saini tu, ukapumzike.”

“Nikapumzike na uongo? Mama wa watu kazima alichoambiwa azime. Leo mnamwandikia kosa kwa utii wake?” Akanigeukia. “Na wewe Jouni, ukiondoka moto unawaka, umepima moto. Kazi yako hujaipima.”

Keki imeshaagizwa na hotuba zimeandikwa, lakini Hilkka bado analala kwa dada yake, na kijijini wanasema kaiua nyumba yake mwenyewe. Basi na isomwe hapa: Hilkka Keränen hakukosea. Nilikosea mimi, pamoja na kanuni ya saa tatu. Jana nilikata maneno ya ofisi kwenye ripoti, nikaandika “kosa la fundi”, nikaweka jina langu. Nyumba nyingine kumi na nne nilizifunga vilevile, na theluji haiko mbali. Jumatatu naanza na ya kwanza. Atakayetaka kuniandikia onyo atanikuta jikoni kwa watu, nasubiri.

Raili, ahsante kwa kila saa uliyoitwa mvivu. Nenda ukale pensheni yako kwa afya na moyo mweupe. Hizo kumi na nne tuachie sisi.

Jouni Härkönen, fundi umeme