Mwalimu Elieth Lusajo na Maji ya Nyakaruri

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Elieth Lusajo alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 huko Tukuyu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lusajo, fundi seremala. Baba yake alikuwa akisema binti huyu alianza kubisha kabla hajaanza kutembea, nasi hatuna sababu ya kumpinga mzee.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hukohuko Tukuyu, kisha Chuo Kikuu cha Dodoma, alikohitimu ualimu wa kemia mwaka 2010. Februari 2011 alipangiwa kazi Kibondo. Wenzake watatu waliokuja naye walihama kabla mwaka haujaisha. Yeye alinunua jembe, akakodi shamba la maharage.

Tarehe 12 Julai 2014 alifunga ndoa kanisani Makere, Kasulu, na Reverien Nsabimana, mkulima na mfanyabiashara, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Wapo ndugu wa Tukuyu waliouliza kama wanaume wengine hawakuwepo. Aliwajibu kwa barua ya mstari mmoja: "Walikuwepo, niliwaona." Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mwaka 2022 wachimbaji wadogo waliweka mialo ya kuoshea dhahabu kwa zebaki kando ya kijito cha Nyakaruri, ambacho vijiji vyetu viwili vinakunywa maji yake. Zebaki ikishayeyukia majini haionekani wala hainuki. Elieth alichemsha majani ya mpera, akachanganya maji yake na chumvi ya madini ya fedha kutoka maabara ya shule. Humo zikazaliwa chembe za fedha ndogo mno, hata hadubini ya shule haizioni, lakini zikiwa pamoja huyapa maji rangi ya manjano. Zikikutana na zebaki, manjano hupotea.

Novemba mwaka huo alisimama kwenye mkutano wa kijiji na chupa mbili, moja ya maji ya mvua, nyingine ya Nyakaruri. Akatia matone yake. Ya mvua ikabaki manjano. Ya kijito ilianza manjano, kisha ikatakata kabisa, na watu wakapiga makofi. Sisi tumezoea dawa ya maji ya kambi za wakimbizi na ya zahanati: ukiona maji yametakata, unakunywa. Mama Mpawenimana, mmoja wa wanakijiji, alikwisha kunyoosha kikombe.

"Urakoze cane, asante sana, mwalimu. Umetusafishia maji."

Elieth alikifunika kikombe kwa kiganja. "Mama, hayajasafika. Rangi imeondoka kwa sababu sumu imo."

Makofi yalikatika, na kina mama wakaanza kutazama ndoo zao. Mwakilishi wa wenye mialo akasimama kwa hasira. "Mwalimu, kijito hakimo kwenye silabasi."

"Basi kuanzia leo kimo," alijibu.

Alitishwa, akatakiwa aandike barua ya kukana maneno yake. Hakuandika hata nukta. Alipeleka sampuli maabara Mwanza kwa nauli yake mwenyewe, na Februari 2023 majibu yalirudi yaleyale. Mialo ikahamishwa mbali na maji.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa Kibondo, Kigoma na Mwanza. Sisi familia tulitaka kuandika hapa kwamba ni zebaki iliyomuua. Alitukataza akiwa kitandani: "Hamkupima, msiandike." Tumetii, na inatuuma kutii. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto wake Brighton na Ininahazwe, mama yake mzazi, ndugu wanne, na wanafunzi sita wanaojua kuchemsha ile dawa ya manjano.

Wiki iliyopita, yeye akiwa hoi, mialo miwili ilirudi ukingoni. Jana wenye mialo walimtuma mtu na rambirambi. Alituomba kwa upole aya za maji ziondolewe kwenye wasifu huu. Rambirambi tumemrudishia, na aya mmezisikia. Jumatatu wanafunzi hao sita watapima Nyakaruri mbele ya kijiji kizima.

Apumzike kwa amani Mwalimu Elieth. Amani hiyo ni yake peke yake. Wenye mialo ukingoni hatujawaandalia.